Ukienda Guanajuato, Anzia Mgodini

Wageni wengi wanaofika Guanajuato huanzia mwisho. Wanashuka kwenye basi la watalii, wanapanda kibehewa kinachovutwa kwa kamba ya chuma nyuma ya Teatro Juárez hadi kwenye sanamu ya El Pípila, wanapiga picha ya nyumba za manjano, nyekundu na buluu zilizopandana mlimani, wanakula, na jioni wamekwishaondoka. Huwezi kusema hawakuuona mji. Wameuona kama mtu anavyoitazama kanga dukani: rangi imemvutia, pindo kalikagua, lakini jina lililoandikwa chini hakulisoma. Ushauri wa makala hii ni mmoja. Ukijaliwa kwenda Guanajuato, anza juu, mgodini, kisha uteremke pamoja na mji kama maji yanavyoteremka, na ujipe siku tatu kamili. Maamuzi mengine yote ya safari, wapi ulale, uende mwezi gani, ukodi gari au utembee, ununue nini na uache nini, yanapata jibu lake humo humo.

Guanajuato ni makao makuu ya jimbo lenye jina hilohilo katikati ya Mexico, kwenye bonde jembamba lililo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jina limetoka katika lugha ya Kipurépecha na kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni mlima wa vyura. Miji mingi ambayo Wahispania waliijenga Amerika ilipimwa kwa kamba: uwanja wa mraba katikati, kanisa upande mmoja, ofisi ya serikali upande wa pili, na mitaa iliyonyooka kutoka hapo. Guanajuato haifuati mpangilio huo kwa sababu hakuna aliyeupanga. Fedha iligunduliwa katikati ya karne ya 16, na watu wakajenga pale walipouona mwamba wenye madini na pale walipopata maji ya kuoshea mawe. Vichochoro vinavyomshangaza mgeni leo vilianza kama mapito ya watu na nyumbu waliobeba mizigo. Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana kwetu fedha ni madini na fedha ni pesa. Nchi nyingi za Amerika zinazosema Kihispania nazo hulitumia neno plata kwa maana zote mbili. Guanajuato ni mji ambamo maana hizo mbili zilizaliwa pamoja, na mgeni asiyelijua hilo atauona mji wenye vurugu nzuri tu, pasipo sababu.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza panda basi la mjini au teksi uende La Valenciana, mtaa ulio mlimani juu ya mji. Hapo, katika miaka ya 1760, Antonio de Obregón y Alcocer alipata mkanda wa fedha uliomtajirisha kiasi cha kupewa cheo cha ukabaila na mfalme wa Hispania. Katika karne hiyo ya 18 Guanajuato ikawa kitovu kikuu cha uchimbaji fedha duniani, na mwaka 1803 mwanasayansi wa Kijerumani Alexander von Humboldt alikuja kuikagua migodi yake na kuiandika. Kanisa la San Cayetano, lililokamilika mwaka 1788, liko jirani na mashimo yaliyolilipia. Ingia utazame madhabahu yake ya mbao zilizochongwa na kupakwa dhahabu toka chini hadi juu, kisha nenda moja kwa moja kwenye mgodi wa zamani unaopokea wageni hapo karibu, ushuke ngazi zake. Usibadilishe mpangilio huo wala usiweke saa nyingi katikati. Hatua chache tu za kupanda zitakukata pumzi, nawe umebeba chupa ya maji. Waliotoa mawe humo walipanda na mizigo mgongoni kutoka kina cha mamia ya mita. Miongoni mwao walikuwapo wenyeji wa asili, machotara, na watu wenye asili ya Kiafrika, wengine watumwa na wengine huru. Vizazi vya Waafrika wa Mexico havikupotea: sensa ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5 waliojitambulisha kwa asili hiyo.

Kuna msomaji ambaye tayari ana swali: kama ni vichochoro na nyumba za kale, Mji Mkongwe wa Zanzibar uko hapa, na Lamu iko hapa; nauli ya kuvuka bahari ya nini? Hoja hiyo ina uzito, na asiyewahi kuutembea Mji Mkongwe kwa makini aanze huko. Lakini aliyeujua Mji Mkongwe ndiye hasa atakayefaidi Guanajuato, kwa sababu miji hii miwili iliwahi kuguswa na mkondo mmoja wa biashara. Fedha ya migodi ya Mexico iligeuzwa sarafu za reale nane, na sarafu hizo zikasafiri hadi Manila, China, India na Uarabuni. Neno reale, ambalo wafanyabiashara wa pwani yetu walihesabia mali, na riali ya Oman mpaka leo, asili yake ni real la Kihispania. Sarafu zilizoanza kupigwa jijini Mexico mwaka 1732 zilikuwa na picha ya nguzo mbili. Waarabu wakaziona nguzo hizo kama mizinga, wakaipa sarafu jina la mzinga, na Kiswahili cha zamani nacho kikawa na reale ya mzinga. Basi anayetoka pwani hasafiri kwenda kutazama mambo yasiyomhusu. Anakwenda kwenye chimbuko la neno lililokuwa kinywani mwa mababu zake.

Ukitoka Valenciana, teremka. Mawe ya fedha hayakuyeyushwa yote juu mlimani. Mengi yalishushwa bondeni kwenye karakana zilizokuwa kando ya maji, yakasagwa, yakachanganywa na chumvi na zebaki, na nyumbu wakayakanyaga mpaka zebaki ikaikamata fedha. Msomaji wa Geita, Chunya au Migori hahitaji kufundishwa zebaki ni nini wala inamfanya nini anayeishika kila siku. Mojawapo ya karakana hizo, San Gabriel de Barrera, leo ni makumbusho yenye bustani nyingi tulivu, na inafaa sana alasiri ya siku ya kwanza. Lakini maji yaliyouwezesha mji kuwapo ndiyo pia yaliyoupiga. Mto ulipita katikati ya bonde, na kila mvua kubwa ilipokuja uliingia majumbani. Katika miaka ya 1740 lilijengwa bwawa la Presa de la Olla, na hadi leo kila Jumatatu ya kwanza ya Julai wakazi hukusanyika kwa sherehe kutazama milango yake ikifunguliwa, desturi iliyotokana na kuusafisha mto kabla ya mafuriko. Hata hivyo mafuriko ya mwaka 1905 yaliua watu wengi. Njia za chini kwa chini zilichimbwa kuyapitisha maji pembeni, na katika miaka ya 1960 mkondo wa zamani wa mto ukageuzwa barabara inayopita chini ya nyumba. Magari ya Guanajuato yanapita mahali ambapo zamani ulipita mto.

Historia hiyo ndiyo inayokushauri usikodi gari. Barabara za chini zinagawanyika gizani, ramani ya simu hupoteza mahali ulipo ukiwa chini ya ardhi, na maegesho katikati ya mji ni ya shida. Tembea kwa miguu, na kwa masafa marefu tumia teksi au mabasi madogo. Wapo wanaoogopa kupotea katika vichochoro visivyonyooka. Kanuni ni nyepesi, nayo imetoka kwenye umbo la bonde lenyewe: ukipotea, teremka. Kila mteremko mwishowe unakurudisha chini, kwenye njia kuu zenye watu, taa na maduka. Kwa sababu hiyohiyo, chagua malazi karibu na sakafu ya bonde, jirani na bustani ya Jardín de la Unión au Plaza de la Paz, hata kama chumba cha mlimani kina mandhari nzuri zaidi na bei ndogo. Mandhari utaipata bure mchana. Ngazi mia mbili ukiwa na sanduku utazilipa kila siku. Kabla ya kulipia chumba, uliza idadi ya ngazi kutoka barabarani, maana picha za matangazo hazizionyeshi.

Siku ya pili iwe ya Alhóndiga de Granaditas. Jengo hili zito kama ngome lilikamilika mwaka 1809 kuwa ghala la nafaka. Tarehe 28 Septemba 1810, siku chache baada ya padri Miguel Hidalgo kuanzisha uasi dhidi ya utawala wa Hispania, matajiri na askari wa mji walijifungia humo pamoja na mali zao. Masimulizi ya mji yanasema mchimbaji mmoja, aliyejulikana kwa jina la El Pípila, alijifunga bamba la jiwe mgongoni kujikinga risasi, akasogea hadi mlangoni na kuuchoma moto. Ghala likatekwa, na waliokuwamo wakauawa kwa wingi. Mwaka uliofuata Hidalgo na wenzake watatu waliuawa, na vichwa vyao vikatundikwa kwenye pembe nne za jengo hilo, vikakaa mpaka mwaka 1821 uhuru ulipopatikana. Leo ni makumbusho. Mgeni aliyetoka Valenciana jana yake hatahitaji mwongozaji wa kumweleza kwa nini shujaa wa hadithi hii ni mchimbaji na silaha yake ni jiwe la kubeba mgongoni.

Sasa nijibu pingamizi lililo zito kuliko yote: likizo si darasa. Mtu amefanya kazi mwaka mzima, amedunduliza nauli, anataka kuona kitu kizuri, ale, alale. Kumpangia masomo ya zebaki na mafuriko ni kumwonea. Ningekubali kama ujuzi ungekuwa unapunguza raha. Mpangilio huu hauongezi saa hata moja ya kazi. Unabadilisha tu kipi kitangulie. Tena unapunguza gharama, maana anayekaa siku tatu katika mji unaotembeleka kwa miguu analipa nauli moja ya kuja na moja ya kuondoka, wakati anayeruka mji mmoja kila siku anaacha pesa nyingi stendi na kwenye teksi. Jioni ndizo hasa ambazo mgeni wa siku moja huzikosa. Mabasi ya watalii yakishaondoka, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Guanajuato hujaa kwenye ngazi na viwanja, na vikundi vya waimbaji waliovaa mavazi ya Kihispania ya kale huongoza watu vichochoroni kwa gitaa na vichekesho, wakipita hata Callejón del Beso, kichochoro chenye upana usiofika mita moja mahali palipo pembamba zaidi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Guanajuato haitakupa jembe, lakini siku ya tatu ndipo muuza matunda anapokusalimu kabla hujamsalimu.

Mwezi wa kwenda nao uchague kwa kufikiria maji. Mvua hunyesha zaidi kati ya Juni na Septemba, mara nyingi alasiri, na mawe ya vichochoroni huteleza. Ukienda wakati huo, fanya matembezi asubuhi na uvae viatu vyenye soli inayoshika. Novemba hadi Aprili ni kukavu, ila usiku wa Desemba na Januari una baridi ambayo mtu wa Tanga au Mombasa asiibishie: beba sweta la kweli. Oktoba kuna tamasha la Cervantino, lililoanza mwaka 1972 kutokana na maigizo ya wanafunzi viwanjani, na sasa huleta wanamuziki na waigizaji wa nchi nyingi. Ni wakati wa shangwe, lakini vyumba hupanda bei na huisha mapema. Mpenda muziki aende Oktoba. Mwenye kutaka mji wenyewe aende Novemba au Februari.

Juu ya chakula, nenda Mercado Hidalgo, soko la paa la chuma lililofunguliwa mwaka 1910, uagize enchiladas mineras, yaani za wachimbaji: chapati laini za mahindi zilizochovywa kwenye mchuzi wa pilipili, zikajazwa jibini na kufunikwa kwa viazi na karoti. Msomaji Mwislamu ajue kwamba mafuta ya nguruwe, yaitwayo manteca, hutumika sana kwenye maharage na vyakula vingi visivyoonekana kuwa na nyama, kwa hiyo aulize kabla ya kuagiza. Maji ya bomba usinywe. Nunua ya chupa. Siku ya kwanza usikimbie ngazi, maana hewa ya mita 2,000 ni nyepesi, na mwenda pole hajikwai. Mwenye magoti mabovu au mzazi mtu mzima bado anaweza kwenda, mradi alale bondeni, apande kwa teksi na kushuka taratibu. Ukitaka pete au mkufu wa fedha, tafuta chapa ya 925, maana yake sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi; kitu kinachoitwa alpaca hung'aa vilevile lakini hakina fedha ndani yake.

Utaambiwa pia usikose makumbusho ya maiti zilizokauka. Uamuzi ni wako, lakini ufanye ukijua zilifikaje hapo. Kuanzia mwaka 1865 miili ilifukuliwa makaburini kwa sababu jamaa zao hawakulipa ada ya kuwaacha wapumzike, na ile iliyokutwa imekauka bila kuoza ikahifadhiwa na baadaye kuonyeshwa kwa kiingilio. Walioshindwa kulipia kaburi wamekuwa wakiwaingizia wengine pesa tangu hapo. Mtu aliyelelewa kwamba maiti husitiriwa anaweza kupita mlangoni bila kuona haya na bila kuhisi amekosa chochote.

Limebaki suala la usalama, na halifai kupuuzwa wala kukuzwa. Jimbo la Guanajuato limekuwa miongoni mwa yenye mauaji mengi nchini Mexico, na sehemu kubwa ya vurugu hizo imehusishwa na magenge yanayogombania wizi wa mafuta na dawa za kulevya kwenye ukanda wa viwanda wa Celaya, Salamanca na Irapuato. Mji wenyewe wa Guanajuato uko nje ya ukanda huo. Hiyo haimaanishi hatari haipo. Inamaanisha ufike mchana, kwa basi kubwa kutoka kituo cha kaskazini cha jiji la Mexico, safari ya takriban saa tano, au kwa ndege hadi uwanja wa Bajío ulio karibu na Silao, na usizurure usiku kwenye barabara za majimbo. Tembea na pasipoti halisi au nakala safi, hasa ukiwa mweusi, kwa sababu Mexico ni njia ya wahamiaji wengi na ofisa anaweza kukuuliza karatasi kabla ya kukuuliza jina. Watanzania na Wakenya wanahitaji viza, isipokuwa mwenye viza hai au ukaazi wa kudumu wa nchi kama Marekani, Kanada, Uingereza au za eneo la Schengen. Kumbuka pia kwamba ndege inayopitia Marekani itakudai viza ya Marekani hata kama hutoki uwanjani. Thibitisha yote kwa ubalozi wa Mexico ulioko Nairobi kabla ya kukata tiketi, maana masharti hubadilika.

El Pípila nimemweka mwisho kwa makusudi. Jioni ya siku ya tatu, jua likielekea kuzama, panda hadi kwenye sanamu yake. Picha utakayopiga itafanana na ya yule aliyekuja asubuhi na kuondoka jioni. Tofauti ni kwamba wewe utaweza kunyoosha kidole na kuonyesha mahali fedha ilipotoka, mahali mto ulipopita, ghala lililochomwa na ngazi ulizopanda mwenyewe. Tenga siku hizo tatu kabla hujatenga kitu kingine chochote katika safari yako ya Mexico.